Cheti cha usalama kwa tovuti inayopokea malipo: kukipata bure au kwa bei nafuu, na kuhakikisha hakikwami

Tovuti inayopokea malipo haihitaji cheti cha bei kubwa. Cheti cha bure cha Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bila malipo, na kile cha dola mia kadhaa vinalinda namba ya kadi ya mteja kwa kiwango kile kile, kwa sababu nguvu ya usimbaji haitoki kwenye cheti. Inatoka kwenye makubaliano ambayo kivinjari na seva hufanya kila muunganisho mpya unapoanza: toleo gani la TLS (itifaki ya usimbaji iliyo nyuma ya https) litumike, msimbo upi, ufunguo upi wa muda. Kazi ya cheti ni kuthibitisha kwamba ufunguo unaotolewa na seva ni wa domeni hiyo kweli, si wa mtu aliyejipenyeza katikati. Basi.

Kinachoangusha maduka ya mtandaoni ni mambo mengine kabisa: cheti kilichoisha muda bila mtu kujua, cheti cha kati ambacho hakikuwekwa, anwani ya kurudishia majibu ya malipo iliyoandikwa vibaya. Mwongozo huu unakaa zaidi hapo. Katika mifano tumetumia jina dukalako.co.tz, weka la kwako.

Unalipia nini unaponunua

Vyeti viko vya daraja tatu. DV inathibitisha tu kwamba unaimiliki domeni, na hutoka ndani ya dakika chache. OV huongeza ukaguzi wa usajili wa kampuni, kwa hiyo utaombwa nyaraka za BRELA ukiwa Tanzania, au za msajili wa makampuni wa nchi yako, na utasubiri siku kadhaa. EV ni ukaguzi huo huo uliokazwa zaidi. Zamani EV ilionyesha jina la kampuni kwa kijani kwenye upau wa anwani, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya watu kuilipia. Mwaka 2019 Chrome toleo la 77 na Firefox toleo la 70 ziliondoa alama hiyo, na leo mteja wa kawaida hawezi kutofautisha EV na DV. Nunua OV au EV pale tu mkataba wa benki au zabuni unapodai hivyo kwa maandishi.

Wauzaji hupenda pia kutaja dhamana ya maelfu ya dola inayokuja na cheti. Soma masharti yake: inahusu hasara iliyotokana na mamlaka ya vyeti kutoa cheti kimakosa. Duka lako likidukuliwa kwa sababu ya plagini ya zamani, haikuhusu.

DV ya kulipia, kwa mfano PositiveSSL ya Sectigo, hupatikana kwa wauzaji wa rejareja kwa chini ya dola 20 kwa mwaka. Si bei mbaya, ila kuna jambo linalobadilisha hesabu. Mwezi Aprili 2025 CA/Browser Forum, chombo kinachowakutanisha watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, kilipitisha kupunguza uhai wa vyeti: siku zisizozidi 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Kwa hiyo anayekuuzia "cheti cha miaka mitatu" anakuuzia usajili wa miaka mitatu. Cheti chenyewe utakipandisha upya mara nyingi ndani ya muda huo. Ukifanya kwa mkono, iko siku utasahau. Njia salama ni ile inayojihuisha yenyewe, na njia hiyo ni ya bure.

Kagua haya kabla ya kuomba cheti

Anza na rekodi za DNS, yaani zile zinazoonyesha jina la domeni linaelekea seva ipi:

dig +short A dukalako.co.tz
dig +short A www.dukalako.co.tz
dig +short AAAA dukalako.co.tz
dig +short CAA dukalako.co.tz

Rekodi ya A lazima itoe IP ya seva yako, kwa jina lenye www na lisilo na www. Rekodi ya AAAA, inayobeba anwani ya IPv6, ndiyo hunasa wengi. Let's Encrypt huanza kukagua kupitia IPv6 kama rekodi hiyo ipo, na mara nyingi utakuta AAAA ya hostingi ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Tovuti inafunguka vizuri kwako unayetumia IPv4, lakini uthibitisho unakwama. Ifute au uirekebishe. Rekodi ya CAA hutaja mamlaka zinazoruhusiwa kutoa cheti kwa domeni yako. Kama ipo na haina letsencrypt.org, ombi litakataliwa.

Hakikisha poti 80 na 443 ziko wazi kwenye faiawoli. Wapo wanaofunga poti 80 wakidhani wanaongeza usalama, kumbe uthibitisho wa kawaida wa HTTP-01 hupita kwenye poti 80 pekee. Iache wazi, halafu uelekeze kila anayeingia hapo kwenda https.

Mwisho, orodhesha majina yote yatakayohitaji cheti: domeni yenyewe, www, na subdomeni kama malipo au api. Cheti cha nyota, yaani *.dukalako.co.tz, hufunika ngazi moja tu. Hakifuniki dukalako.co.tz yenyewe mpaka uitaje, wala hakifiki api.malipo.dukalako.co.tz.

Ukiwa kwenye hostingi ya pamoja yenye cPanel

Huenda cheti unacho tayari. Ingia cPanel, nenda sehemu ya Security, fungua SSL/TLS Status, weka tiki kwenye majina unayoyataka, kisha bonyeza Run AutoSSL. Subiri dakika chache na uupakie upya ukurasa. Jina likibaki na kufuli jekundu, soma maelezo yaliyo pembeni yake. Mara nyingi utakuta jina hilo linaelekea kwenye seva nyingine (mail na webmail ndizo hukosewa sana), au faili ya .htaccess inazuia folda ya .well-known ambako faili ya uthibitisho huwekwa.

Baadhi ya kampuni za hostingi huzima AutoSSL ili ziuze vyeti. Kama paneli yako ina Terminal au SSH, bado una njia kupitia programu ya acme.sh. Ukishaisakinisha:

acme.sh --set-default-ca --server letsencrypt
acme.sh --issue -d dukalako.co.tz -d www.dukalako.co.tz -w ~/public_html
acme.sh --deploy -d dukalako.co.tz --deploy-hook cpanel_uapi

Mstari wa kwanza ni muhimu, maana tangu 2021 acme.sh huenda ZeroSSL usipoiambia vingine, na huko inabidi kwanza usajili barua pepe. Mstari wa tatu unapandisha cheti ndani ya cPanel. Programu hujiwekea yenyewe kazi ya cron (ratiba ya seva inayojiendesha) ya kuhuisha. Kama hata SSH na ruhusa ya kupandisha cheti vimefungwa, hamisha tovuti. Ada ya cheti wanayokutoza kila mwaka inaweza kulipia sehemu nzuri ya hostingi bora.

Ukiwa na VPS yako mwenyewe

Hatua hizi ni za VPS, yaani seva pepe unayoisimamia mwenyewe, ya Ubuntu yenye programu ya seva ya nginx, ukitumia Certbot ya taasisi ya EFF, programu inayoomba na kuhuisha vyeti. Ondoa kwanza toleo lililokuja na mfumo, kisha weka la snap:

sudo apt remove certbot
sudo snap install --classic certbot
sudo ln -s /snap/bin/certbot /usr/bin/certbot

Fungua faili ya tovuti ndani ya /etc/nginx/sites-available na uangalie mstari wa server_name. Lazima uwe na majina yale yale utakayoyaomba:

server_name dukalako.co.tz www.dukalako.co.tz;

Usipofanya hivyo, Certbot itapata cheti lakini itashindwa kukipandisha, ikisema haijaona server block inayolingana. Sasa fanya jaribio lisilohesabiwa:

sudo certbot certonly --nginx --dry-run -d dukalako.co.tz -d www.dukalako.co.tz

Usiiruke hatua hii. Let's Encrypt ina mipaka: uthibitisho ukishindwa mara 5 ndani ya saa moja kwa jina moja, unasimamishwa kwa muda, na seti ile ile ya majina haipewi vyeti zaidi ya 5 kwa wiki. Mtu anayebahatisha kwa kurudia rudia amri anaweza kujifungia nje siku ile ile ya kuzindua duka. Jaribio likipita, toa cheti halisi:

sudo certbot --nginx -d dukalako.co.tz -d www.dukalako.co.tz

Ndani ya /etc/letsencrypt/live/dukalako.co.tz/ utakuta cert.pem, chain.pem, fullchain.pem na privkey.pem. Certbot huandika yenyewe mistari inayotakiwa. Ukiandika kwa mkono, ssl_certificate ielekeze kwenye fullchain.pem, kamwe si cert.pem.

Mnyororo uliokatika, na malipo yanayobaki "yanasubiri"

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu kosa hili hula pesa za watu kimya kimya. Kivinjari hakikiamini cheti chako moja kwa moja. Kinakiamini kwa kuwa kimesainiwa na cheti cha kati, nacho kimesainiwa na cheti cha mzizi kilichomo ndani ya simu au kompyuta. Seva inawajibika kutuma cheti chako pamoja na kile cha kati. Ukitumia cert.pem, cha kati hakitumwi.

Ukifungua tovuti kwa Chrome kwenye kompyuta yako utaona kila kitu kiko sawa, kwa kuwa kivinjari kinaweza kukitafuta chenyewe cheti kilichokosekana. Lakini seva ya mtoa huduma ya malipo inapokutumia taarifa kwamba mteja amelipa, haina huruma hiyo. Inakagua mnyororo, inaukuta umekatika, inakata mawasiliano. Mteja ameingiza namba yake ya siri, pesa imetoka kwenye simu, oda kwenye duka inabaki "inasubiri", na wewe unaanza kuukagua msimbo wa PHP usio na kosa lolote. Anayeunganisha M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, anajua kwamba kwenye mazingira halisi anwani za kupokea majibu zinatakiwa ziwe za https; basi https hiyo iwe na mnyororo kamili.

Pima kutoka kwenye mashine nyingine:

openssl s_client -connect dukalako.co.tz:443 -servername dukalako.co.tz < /dev/null

Tafuta mstari wa Verify return code. Ukiona 0 (ok), uko salama. Ukiona 21, cheti cha kati hakitumwi. Usiache -servername: seva yenye tovuti nyingi inaweza kukujibu kwa cheti cha tovuti nyingine. Asiyependa terminali atumie kipimo cha SSL Labs cha Qualys; humo kosa hili huonekana kwenye Chain issues, likiandikwa Incomplete.

Kuna kosa jirani. Ukisajili anwani ya majibu kwa http, au bila www wakati tovuti yako inaelekeza kila kitu kwenye www, ombi la POST, yaani lile linalobeba taarifa za malipo, litakutana na 301, jibu la kuelekezwa anwani nyingine. Programu nyingi zikifuata 301 hugeuza POST kuwa GET na kuuacha mwili wa ujumbe, kwa hiyo unapokea ombi tupu. Nyingine hazifuati kabisa. Sajili anwani ya mwisho kama ilivyo, herufi kwa herufi, kisha itumie POST kwa curl uone kama inajibu 200 bila kuelekezwa kwingine.

Ukipitia Cloudflare

Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na seva yako, hutoa cheti cha bure kwa upande wa mteja. Swali ni kipande cha kati ya Cloudflare na seva yako. Ukichagua Flexible, kipande hicho kinapita wazi kwenye intaneti, huku mteja akionyeshwa kuwa yuko salama. Kwa tovuti ya malipo hilo ni kumdanganya mteja, usilifanye. Tena, Flexible pamoja na seva inayoelekeza http kwenda https huzaa mzunguko usioisha: ERR_TOO_MANY_REDIRECTS.

Chagua Full (strict). Kwenye seva weka cheti cha Let's Encrypt au Origin Certificate, ambacho Cloudflare hutoa bure kwa muda wa hadi miaka 15. Kumbuka tu kwamba hicho cha Origin kinaaminiwa na Cloudflare peke yake. Siku utakayozima wingu la rangi ya chungwa (alama kwamba wageni wanapitia Cloudflare) ili kutafuta hitilafu, wateja wote watapata onyo. Kwa sababu hiyo sisi huegemea Let's Encrypt hata nyuma ya Cloudflare.

Cheti kimekaa, kazi iliyobaki

Elekeza http kwenda https kwa 301. Certbot hufanya hilo. Kisha tafuta vitu vinavyoitwa bado kwa http ndani ya kurasa: fungua ukurasa wa malipo, bonyeza F12, usome Console. Picha moja ya http inaweza kuondoa alama ya usalama, na skripti ya http huzuiwa kabisa, hapo kitufe cha "Lipa" hakibonyezeki. Kwenye WordPress, dawa ni kubadilisha anwani ndani ya hifadhidata kuliko kutegemea plagini irekebishe kila ukurasa unapofunguliwa. Chukua nakala rudufu, halafu:

wp search-replace 'http://dukalako.co.tz' 'https://dukalako.co.tz' --all-tables --skip-columns=guid --dry-run

Ukiridhika na idadi inayoonyeshwa, irudie bila --dry-run.

Kwenye nginx ruhusu matoleo mawili tu:

ssl_protocols TLSv1.2 TLSv1.3;

TLS 1.0 na 1.1 zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa na wakati Machi 2021.

HSTS inakiamuru kivinjari kisirudi tena kwenye http. Anza na max-age ya 300, yaani dakika tano. Kukiwa shwari weka wiki moja, 604800, kisha mwaka, 31536000. Usiongeze includeSubDomains kabla hujahakiki kwamba kila subdomeni ina cheti, hata ile ya zamani ya barua pepe ya ofisi. Agizo hilo likishaingia kwenye simu za wateja huwezi kuwafuatia mmoja mmoja kulifuta.

Kuhuisha

Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt huishi siku 90, na Certbot hukihuisha kikikaribia siku 30 za mwisho. Jaribu leo:

sudo certbot renew --dry-run
systemctl list-timers | grep certbot

Ukitoa cheti kwa --nginx, seva husomeshwa cheti kipya yenyewe. Ukitumia certonly --webroot, haisomeshwi: faili mpya iko kwenye diski, nginx bado inatoa ile ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu, na siku ya 90 tovuti inaanguka ingawa logi za Certbot zinasema imefanikiwa. Tengeneza faili /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/nginx.sh yenye mistari hii, na uipe ruhusa kwa chmod +x:

#!/bin/sh
systemctl reload nginx

Cheti cha nyota hudai uthibitisho wa DNS, yaani rekodi ya TXT kwa jina la _acme-challenge. Ukiiweka kwa mkono kwa --manual, hakitajihuisha. Kitumie pale tu DNS yako ina API na plagini yake. La sivyo taja majina moja moja kwenye cheti cha kawaida.

Tangu tarehe 4 Juni 2025 Let's Encrypt imeacha kutuma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Weka mlinzi wako mwenyewe, kwenye mashine tofauti na seva ya duka, aendeshwe na cron kila asubuhi:

echo | openssl s_client -connect dukalako.co.tz:443 -servername dukalako.co.tz 2>/dev/null | openssl x509 -noout -checkend 1209600 || echo "Cheti kina chini ya siku 14" | mail -s "Cheti" barua@yako

Namba 1209600 ni siku 14 kwa sekunde. Kipimo hiki kinasoma kile mteja anachokiona, si faili iliyo kwenye diski, ndiyo maana kinakamata hata ile hitilafu ya nginx. Na ada ya domeni yenyewe isisahaulike: ikikatwa, hakuna cheti kitakachokuokoa.

Malalamiko ya wateja wachache

Mteja mmoja tu akiona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, mwambie akague tarehe ya simu yake. Wakiwa kadhaa na wote wana simu za zamani, tatizo ni jingine: Android iliyo chini ya 7.1.1 haiujui mzizi wa ISRG Root X1 wa Let's Encrypt, na mpango wa kuzisaidia simu hizo ulikoma mwaka 2024. Angalia takwimu za wageni wako. Kama wanunuzi wengi wako humo, hapa ndipo cheti cha kulipia chenye mzizi wa zamani kina maana. Omba kwanza muda wa majaribio, ukipime kwenye simu yenyewe, ndipo ulipe.

Ufunguo wa siri

Ufunguo wa siri usitoke kwenye seva. Muuzaji anayetaka akutengenezee ufunguo kwenye tovuti yake kisha akutumie kwa barua pepe, mkatae; utengeneze mwenyewe umpe faili ya CSR (ombi la cheti) peke yake:

openssl req -new -newkey rsa:2048 -nodes -keyout dukalako.key -out dukalako.csr

Faili ya .key isikae ndani ya public_html wala isipandishwe GitHub. Ikivuja, cheti cha muda mrefu hakikusaidii kitu: toa kipya chenye ufunguo mpya kwa certbot renew --force-renewal --cert-name dukalako.co.tz, kisha ubatilishe kile cha zamani. Kuwa mwangalifu hapa, maana folda ya live sasa inaonyesha kipya. Cha zamani kiko kwenye archive, na namba iliyo kwenye jina la faili huongezeka kila cheti kinapohuishwa. Kama kilichovuja ni cha kwanza:

sudo certbot revoke --cert-path /etc/letsencrypt/archive/dukalako.co.tz/cert1.pem --reason keycompromise --no-delete-after-revoke

Na hata mambo haya yote yakikaa sawa, cheti hulinda njia tu. Namba za kadi zikihifadhiwa kwenye hifadhidata yako, ziko hatarini pale pale, na masharti ya PCI DSS, kanuni za usalama wa data za kadi, yanakubana. Tumia ukurasa wa malipo wa mtoa huduma, ili namba ya kadi isipite kabisa kwenye seva yako.